Tupeane uzoefu: Ulizungukaje Chicago ukiwa mgeni?

Mzururaji wa Ilala:
Wakuu, salaam. Mwezi wa tisa nina semina Chicago, na ikiisha nimejiongezea siku za kuzurura kwa hela yangu mwenyewe. Nimesoma orodha za mtandaoni mpaka zimenichosha, zote zinanituma nikapige picha kwenye lile sanamu la chuma lenye umbo la harage. Nataka kusikia kwa waliokanyaga. Ulitokaje uwanja wa ndege, ulikula nini, hela ilikuponyoka wapi, nini kilikuacha mdomo wazi? Gari sikodi. Wa New York na Houston mtusamehe, fungueni uzi wenu.

Mzee wa Koti:
Karibu sana mkuu, mimi mwenyeji huku, baridi imenizeesha. Kutokodi gari ni uamuzi wa maana. Majiji mengi ya Marekani bila gari umekwisha, ila Chicago inatembeleka. Ukishuka O'Hare fuata vibao vya treni ya Blue Line, kituo kiko hapohapo uwanjani. Inakesha, na kwa dakika 45 hivi uko katikati ya jiji. Raha yake inapita katikati ya barabara kuu: kushoto foleni, kulia foleni, wewe huyooo. Kadi ya benki ya kugusisha inakubalika getini, kwa hiyo usihangaike na mashine za tiketi. Nauli ya kupandia O'Hare ni kubwa kuliko vituo vingine, usije ukadhani umepigwa. Ukitua Midway, treni yako ni Orange.

Halafu kuna hili ambalo orodha zako hazikuambii. Namba za nyumba za mji huu ni ramani tosha. Sifuri iko State inapokatana na Madison, na kutoka hapo kila namba 800 ni maili moja. Halsted ni 800 magharibi, basi ni maili moja. Fullerton ni 2400 kaskazini, hizo tatu. Kusini karibu na katikati hesabu inachezacheza kidogo, kwingine inakubali. Na ziwa liko mashariki siku zote. Ukishajua hayo mawili, simu ikizima chaji hupotei.

Kijana wa Voi:
Wadau, mimi nilikuwa na safari moja tu mjini humo: kwenda kuwaona simba wetu. Wale wa Tsavo, waliokula wafanyakazi wa reli mwaka 1898 daraja likijengwa, wako Field Museum pale kando ya ziwa. Kwetu hadithi yao tunaipata tukiwa watoto, na kwenye hadithi simba ni wakubwa kama matatu. Nikafika kwenye kioo nikakuta madume mawili hayana hata manyoya ya shingoni, mmoja amejiinamia, na kwa kweli si wakubwa hivyo.

Nikasimama nikasoma yote. Patterson, yule mhandisi aliyewapiga risasi, alizifanya ngozi zao mazulia ya nyumbani, zikakanyagwa miaka na miaka. Jumba la makumbusho likazinunua mwaka 1924 kwa dola 5,000. Sasa zulia ukilirudisha kuwa simba lazima lipungue, ndiyo maana wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa. Na ile hesabu ya watu 135 ni ya Patterson mwenyewe. Wanasayansi waliopima mifupa na manyoya walikadiria kama 35. Wengi wa hao vibarua walitolewa India, na majina yao ni wachache wanaoyajua, huku simba wamekuwa mastaa.

Nilijikuta nawasemesha Kitaita. Askari wa pale akawa ananitazama kwa jicho la pembeni, nikamwambia hawa ni wa kwetu. Akacheka, akaniambia kila Mkenya anayepita husema hivyo hivyo. Kuna watu nyumbani wanataka warudishwe, na mimi nimo. Kiingilio si cha mchezo na siku za bure ni za wakazi wa Illinois, wageni hatuhusiki. Lipa tu. Basi namba 146 linakushusha karibu na mlango.

Mzururaji wa Ilala:
Mkuu wa Voi umenimaliza. Hao simba wameshaingia kwenye ratiba. Ila umegusa kiingilio, naomba wajuzi wa vitu vya bure mjitokeze, posho ya semina mnaijua ilivyo.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwanangu, vya bure vipo tele. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park, bure mwaka mzima. Chicago Cultural Center, jumba la mwaka 1897 lililokuwa maktaba ya mji, bure. Panda ngazi ukatazame kuba la vioo la Tiffany, utakaa huko hata shingo ikuume. Pilsen kuna makumbusho ya sanaa ya Kimeksiko, bure, na kuta za mtaa mzima zimechorwa. Mimi nilipenda zaidi Garfield Park Conservatory (kiingilio cha wageni ulizia kwanza), nyumba ya vioo yenye mimea ya nchi za joto. Nje pua imekufa ganzi, ndani migomba na fukuto, miwani ikaingia ukungu nikawa sioni, nikavua baibui la sufu palepale nikakaa kwenye benchi. Binti yangu aliniita mara tatu tuondoke.

Chakula: kama unatafuta halali, nenda Devon Avenue, kaskazini kabisa. Kipande kimoja kimepewa jina la heshima la Gandhi wa India, kipande kingine la Jinnah, mwasisi wa Pakistani, na wote wanakaangia sambusa mtaa mmoja. Biriani, nihari (mchuzi mzito wa nyama), mikate ya tanuri, mihogo ya barafuni, tui la kopo. Niliingia duka moja kuulizia hiliki, mwenye duka akanisikia nikisema Kiswahili na binti yangu, akajibu kwa Kiswahili cha Nairobi! Kazaliwa Parklands.

Hela inaponyoka wapi? Kwenye bei iliyobandikwa. Si bei yenyewe hiyo. Ukifika kwa mlipishaji unaongezwa kodi ya mauzo, na Chicago inazidi asilimia 10. Mkahawani juu ya hapo kuna bakshishi, asilimia 18 hadi 20, na huko si hisani, ni sehemu ya ujira wa mhudumu. Hoteli niliyofikia ilinipachikia na "ada ya huduma" ya kila siku ambayo sikuiona wakati wa kulipia chumba, wakasema iko kwenye maandishi madogo. Ulizia kabla, tena kwa maandishi.

Dereva wa Bukavu:
Jambo ndugu zangu. Mimi niko naishi Rogers Park, tuko Wakongomani wengi huku kaskazini. Naendesha gari la abiria, nawapa siri moja. Katikati ya mji, barabara ya Wacker ina ghorofa: ya juu iko kwenye jua, ya chini giza na nguzo. Michigan Avenue nayo pale mtoni ina juu na chini. Ukiita gari kwa simu, setilaiti haijui uko ghorofa gani. Abiria anapiga kelele "niko hapa, sikuoni!" na mimi niko chini ya miguu yake kabisa. Kwa hiyo mwandikie dereva: juu au chini. Na ukiwa chini, simu ikikuambia kata kushoto usiiamini, tazama vibao.

Mpiga Picha Kariakoo:
Mimi naomba kutofautiana na wanaopanda maghorofa. Willis Tower ina ghorofa 110, unalipa upande mpaka ya 103 usimame kwenye sakafu ya kioo, sawa. Lakini ukiwa juu yake hulioni lenyewe! Hela hiyo weka kwenye boti ya mtoni inayoondokea karibu na daraja la Michigan Avenue. Kama saa moja na nusu, na wanaokuelezea wanalijua jengo moja moja: lipi limejengwa baada ya moto wa 1871 ulioteketeza mji, lipi limewekwa juu ya njia za reli. Huo mto wenyewe waliugeuza mwaka 1900 ukaacha kumwaga uchafu ziwani, maana ziwa ndilo wanalokunywa. Kaa upande wowote, ila nyuma, mbele vichwa vya watu vitakuharibia picha.

Chongo wa Buguruni:
Hamumwambii ukweli. Kusini mwa mji asikanyage. Kila siku habari ni risasi.

Mzee wa Koti:
Kaka, kusini ipi? Hyde Park iko kusini, ndiko kwenye Chuo Kikuu cha Chicago na ndiko Obama alikoishi. Chinatown iko kusini. Risasi zipo, sikatai, ila zina mitaa yake na saa zake. Mgeni anachotakiwa ni kile kile cha nyumbani: usiku wa manane usiingie behewa tupu, simu usiichezee mlangoni treni ikikaribia kuondoka, na ukiona mtaa umekaa kimya kupita kiasi geuza.

Mkimbiaji wa Eldy:
Semina ikisogezwa mpaka Oktoba usilie, huo ndio mwezi wa marathon ya Chicago. 2023 nilikuwa pale Mkenya wetu Kelvin Kiptum alipokimbia 2:00:35 akavunja rekodi ya dunia. Nilipanga kusimama sehemu mbili: katikati ya mji mwanzoni, halafu Chinatown, huko wako zaidi ya maili 20. Chinatown akapita peke yake, hakuna wa kumfukuza, ni magari na pikipiki tu. Nilisikia viatu kabla sijamwona vizuri. Tulipiga kelele "Twende! Twende!" na kabla hatujafunga mdomo ameshakata kona. Miezi minne baadaye akafariki kwa ajali. Ile video yangu ni ya kutikisika tupu, miguu na lami, sijaifuta.

Mzururaji wa Ilala:
Dah. Apumzike kwa amani. Wakuu, la mwisho: nibebe koti zito?

Mzee wa Koti:
Septemba? Sweta na koti la upepo vinatosha, jioni kando ya ziwa panapuliza. Koti zito waachie wa Januari. Januari 2019 tulifika nyuzi 30 chini ya sifuri za Selsiasi. Vituo vya treni vina taa za joto, unabonyeza kitufe zinawaka, watu wote wanajibana chini yake na hakuna anayemjua mwenzake. Na ukiona kiti cha plastiki au meza ya kupigia pasi katikati ya theluji barabarani, usikiguse. Kuna mtu kafukua hapo aegeshe gari, hicho ndicho hatimiliki yake.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo:
Na Devon usiiache. Red Line mpaka Loyola, kisha basi namba 155. Usile hotelini siku hiyo.