Tupeane uzoefu: kamba za hema na giza la usiku, nani hajawahi kujikwaa?

Shangazi wa Karatu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpishi kwenye safari za kulala mahema. Msimu unakaribia, bosi kanituma mjini kununua kamba mpya, zile zenye uzi wa riflekta, unaong'aa ukimulikwa, uliofumwa ndani. Dukani nimekuta nyembamba, za kati na nene, na muuzaji hajui chochote zaidi ya bei.

Nikiwa nimesimama pale nikakumbuka usiku mmoja Simba kempsaiti, pale juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mliofika mnajua tembo wanavyokuja kunywa kwenye tangi la maji. Mgeni wetu katoka kwenda chooni, kakutana na hilo jitu jeusi linapumua, kageuka mbio bila hata kuwasha tochi. Kapita kamba za hema la kwanza, kang'oa kigingi cha la pili, la tatu likamlaza chini. Tembo wala hakugeuka, aliendelea kunywa. Kidevu cha mgeni kilipasuliwa na kamba.

Sasa tupeane uzoefu. Mnatumia kamba gani, na hii riflekta inasaidia kweli au ni mapambo?

mzee_kibatari
Nakaa hapa kwenye mkeka nasubiri visa.

Mgumu wa Machame
Shangazi umenigusa. Simba kuna nyasi, kigingi kinazama, kamba inakaa fupi. Njoo Barafu, kambi ya Kilimanjaro, mita 4,673, pale juu ni miamba mitupu. Kigingi hakiingii popote, kwa hiyo kila kamba unaivuta mpaka ulipo jiwe la maana, na jiwe la maana huwa liko katikati ya njia ya watu. Makampuni yamebanana, kamba zangu zinapita chini ya kamba zako, upepo unapiga usiku kucha.

Halafu angalia saa zenyewe. Wageni wanaamshwa saa tano usiku, wanywe chai, waondoke kwenye saa sita kwenda kileleni. Kwa hiyo muda ambao kambi nzima inatembea ndio muda wa giza totoro, na kila mtu kichwa kinauma kwa mwinuko, miguu mizito.

Usiku ninaousema mimi, kijana wetu alikuwa anatoka hema la jikoni na chupa mbili za chai na sufuria ya uji wa wageni. Hema la kulia chakula lilikuwa na kamba za zamani, zilizokuwa nyeupe zamani, sasa zina rangi ileile ya vumbi la mlima. Mguu wa kulia ukaingia. Hakuachia sufuria, ndilo kosa la watu wa kazi, mtu anaogopa kumwaga chakula kuliko kuvunja meno. Akaanguka nayo kifuani. Uji ule ulikuwa umetoka kwenye moto sasa hivi. Tulimvua koti, fulana ikawa imegandia ngozi, tukawa tunamwagia maji ya kunywa ya wageni, na maji ya Barafu yanabebwa kwa mgongo kutoka chini. Alishushwa usiku uleule kwa machela. Yuko hai, anaendelea na kazi, lakini kifua chake ukikiona utanyamaza.

Baada ya hapo mimi nilikwenda maduka ya vipuri vya malori, nikanunua ile stika ya riflekta nyekundu na nyeupe, nikaikata vipande, nikakunja kila kipande juu ya kamba kama bendera ndogo. Moja usawa wa goti, moja karibu na jiwe. Haijawahi kuniangusha.

Neema wa Sakina
Pole yake jamani. Uji!

Bwana Vifaa
Mgumu, stika za malori ni ujanja mzuri ila gundi yake inaachia baridi ikizidi. Kamba yenye uzi wa riflekta ndani haibanduki. Shangazi, chukua ya milimita 3 kwa mahema ya wageni, ya milimita 4 au zaidi kwa hema la kulia chakula. Ya milimita 2 waachie wanaobeba hema lao wenyewe mgongoni na kuhesabu gramu. Na uliza imetengenezwa kwa nini. Nailoni ikilowa inarefuka, umelala hema limekaza, mvua ya saa nane inapiga, asubuhi hema limekulalia usoni. Poliesta inarefuka kidogo sana.

Chalii wa Memorial
Nailoni haina shida, watu wanapenda kukuza mambo. Nimelalia nailoni miaka yote. Njoo Memorial hapa Moshi, kamba za mtumba zilizofunguliwa kwenye mahema ya wazungu, bei ya karanga.

Bwana Vifaa
Umelalia nailoni kiangazi.

Chalii wa Memorial
Nimelalia na masika. Wewe uza duka lako.

Juma Kiona Mbali
Mimi hizo kamba za riflekta niliuziwa kanyaboya. Dukani muuzaji kanimulikia kwa simu, inawaka balaa. Nimefika porini usiku, namulika, haing'ai kitu. Hela imekwenda.

Ticha wa Fizikia
Juma, tochi ulikuwa umeishika wapi?

Juma Kiona Mbali
Mkononi. Ulitaka niishike wapi?

Ticha wa Fizikia
Mkono ulikuwa kiunoni, sivyo? Riflekta ya aina hiyo inarudisha mwanga kule ulikotoka, haiusambazi. Tochi ikiwa kiunoni, mwanga unarudi kiunoni, macho yako yako juu hayapati kitu. Tena ukiwa mbali, pembe kati ya tochi na jicho ni ndogo, utaiona, ukisogea karibu, ambapo ndipo unapoihitaji, inazima. Leo usiku chukua kamba yako, ifunge kwenye mti, rudi hatua kama kumi, weka tochi kwenye shavu usawa wa jicho, halafu ishushe taratibu mpaka kiunoni. Muuzaji alipokumulikia kwa simu, simu alikuwa ameishikilia karibu na uso wako. Ndiyo maana taa ya kichwani na kamba ya riflekta ni mke na mume.

Juma Kiona Mbali
Aisee. Nimetoka nje sasa hivi na kamba, nimefunga kwenye mwembe. Inawaka. Namwomba msamaha muuzaji.

Neema wa Sakina
Kwa hiyo anayetoka chooni bila tochi riflekta haimsaidii kabisa?

Ticha wa Fizikia
Haimsaidii hata kidogo. Kwake hiyo ni kamba nyeusi kama nyingine.

Mama Makambi
Watoto wangu mmenikumbusha makambi yetu ya kanisa. Mahema mamia uwanjani, familia kwa familia, watoto wanakimbizana baada ya ibada ya jioni, na hakuna mtoto mwenye taa kichwani. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima zake, alipita na birika akafagia kamba ya jirani, tukasikia neno ambalo si la kambini. Sisi kina mama tulichana kanga nyeupe iliyochakaa, tukafunga vitambaa kwenye kila kamba. Kitambaa cheupe kinaonekana kwa mbalamwezi, kinaonekana kwa nyota, hakihitaji tochi.

Mtu wa Dago
Dagoni, kambini kwa wavuvi, hatuna kamba. Tunalala chini ya tanga.

mzee_kibatari
Zamani tulikuwa tunafunga rambo nyeupe. Sasa tangu Juni 2019 ukionekana na rambo unakuwa mhalifu.

dereva_wa_usiku
Nyie mnaongelea milimani na kwa tembo. Mimi nitawaambia kamba ya mjini.

Naendesha bodaboda. Mbagala, saa nane usiku, nimempakia mama mmoja anatoka zamu hospitalini. Njia yetu ya siku zote ile, jioni nilipita hapakuwa na kitu. Kumbe saa mbili usiku umetokea msiba, watu wamesimamisha turubai kuvuka barabara, upande mmoja bomba, upande mwingine kamba ya katani imevutwa mpaka nguzo ya umeme. Taa zimezimwa, watu wamelala. Taa yangu inamulika chini barabarani, mimi naona lami na mashimo, sioni kilicho juu.

Kamba ikanipata hapa, chini ya kidevu. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia pikipiki inaondoka bila mimi. Niko hewani, mama yuko mgongoni kwangu amenikumbatia, pikipiki inaendelea mbele peke yake na taa yake inawaka. Mkanda wa helmeti ndio ulioshika kamba, ungekuwa haujafungwa leo mngekuwa mnasoma tanzia. Tumetua kwa makalio. Kamba nayo haikukatika, ilivuta bomba, bomba likaja, turubai lote upande ule likawashukia kina mama waliolala kwenye mikeka.

Ndugu zangu, vilio mlivyowahi kusikia msibani si kitu. Walidhani marehemu amerudi. Wanaume wakatoka na walichokuta, mmoja ana kiti cha plastiki, wanapiga kelele mwizi, mwizi. Mimi sauti haitoki, koo limefunga, naonyesha kwa mikono. Yule mama mteja wangu ndiye aliyesimama mbele yangu na kitambulisho cha kazi, akawaambia huyu mguseni mnipige na mimi. Wakatulia. Halafu wakaanza kunipa pole, nikaletewa chai, nashindwa kuimeza. Asubuhi, nasema kweli mbele ya Mungu, mwenye turubai akanidai hela ya bomba lililopinda.

Neema wa Sakina
Nimecheka halafu nimeona vibaya kucheka.

Juma Kiona Mbali
Pikipiki iliishia wapi?

dereva_wa_usiku
Kwenye genge la nyanya.

Fundi Turubai
Mimi nakodisha maturubai na viti, naomba nijibu. Nyie bodaboda mnakimbia mno mitaani. Msiba ni msiba, watu wanaweka turubai pale penye nafasi, na mtaa mzima unajua. Ungekuwa mwendo wa taratibu ungeona.

dereva_wa_usiku
Kamba ya katani rangi ya vumbi, usiku, juu ya usawa wa taa. Ningeiona kwa macho gani? Na mwendo ulikuwa wa kawaida, nina abiria mwenye usingizi wa zamu nyuma.

Mgumu wa Machame
Fundi, kufunga barabara kunahitaji kibali cha serikali ya mtaa. Mnacho?

Fundi Turubai
Kibali ni juu ya wafiwa, mimi naleta vifaa tu.

Mama Makambi
Mtu amefiwa jioni utamwambia akatafute mwenyekiti wa mtaa saa mbili usiku? Tuwe na utu.

Mgumu wa Machame
Utu ni kuacha taa moja inawaka, mama. Taa moja tu ya sola ya kichina, iningʼinizwe kwenye kamba.

Fundi Turubai
Hilo la taa nalikubali. La kudai hela ya bomba mimi singedai.

dereva_wa_usiku
Asante. Nilimlipa nusu.

Wanjiku wa Naivasha
Wadau wa Bongo, salamu. Huku kandokando ya ziwa kamba si shida ya mwisho, kuna viboko. Usiku wanatoka majini kula nyasi, na kiboko ana njia yake anayopita kila siku. Kempsaiti zenye akili zina waya wa umeme upande wa ziwa na askari wa usiku. Sasa kuna mtu alikuja na familia, akaona nyasi nzuri zilizokatwa vizuri nje ya ule waya, akapiga hema hapo. Askari akamwuliza, unadhani hizi nyasi zinakatwa na nani? Alihama bila kukunja hema, waliburuta tu.

mzee_kibatari
Zinakatwa na nani! 😂😂

Kijana wa Seronera
Tukirudi kwenye riflekta, kuna jambo la fisi. Mgeni kamulika nje kaona vitu viwili vinawaka, kapiga kelele fisi, kambi nzima imeamka. Ilikuwa vipande vya kamba ya jirani. Kesho yake kaona vinawaka tena, akasema leo sidanganyiki, kamba hizo. Ilikuwa fisi, kaondoka na kiatu chake cha ngozi. Jicho linapepesa na linahama, kamba haihami. Na viatu lala navyo ndani.

Neema wa Sakina
Kwa hiyo kitambaa cheupe au riflekta? Mmenichanganya.

Bwana Vifaa
Riflekta.

Mama Makambi
Kitambaa.

Chalii wa Memorial
Vyote, na chupa tupu ya maji juu ya kigingi. Ukiipiga teke inapiga kelele kabla hujafika kwenye kamba.

Ticha wa Fizikia
Msisahau kuosha. Riflekta ikishika tope inakufa. Maji na sabuni ya kawaida, usisugue kwa brashi ngumu.

Bwana Vifaa
Na vile vibana kamba vya plastiki vina kipimo chake. Kibana cha kamba nene ukikitia kamba nyembamba, inateleza usiku kidogokidogo mpaka hema linalegea. Beba kamba moja kuukuu dukani ulinganishe.

Shangazi wa Karatu
Nimesoma zote. Nachukua poliesta ya milimita 3 na ya 4, na vitambaa vyeupe vya hema la jikoni kwa ajili ya vijana wangu, maana wageni wana taa za kichwani lakini vijana wangu wanabeba sufuria gizani. Bosi atalalamika bei, nitamsomea habari ya uji.

Mgumu wa Machame
Msomee mpaka pale pa fulana. Na kitu kingine, shangazi, baridi ikizidi usikubali mtu aingize jiko la mkaa hemani akafunga zipu. Sumu ya moshi wa mkaa haina harufu, mtu analala haamki. Hiyo hakuna kamba ya kuionyesha.

Juma Kiona Mbali
Swali langu la mwisho wakuu. Mimi nina hema lile la juu ya gari, halina kamba kabisa. Nina haja ya riflekta?

Wanjiku wa Naivasha
Una ngazi?

Juma Kiona Mbali
Ninayo.

Wanjiku wa Naivasha
Unashuka usiku kwenda kukojoa?

Juma Kiona Mbali
Ngoja nikatafute stika.