Kikundi cha ukoo: chaza aliyejikunja

Dada Neema: Mmeiangalia video ya Shangazi? Eti gamba la huyo chaza lilizidi kujikunja kizazi hadi kizazi, mwisho likaziba, akashindwa kufungua mdomo, ukoo wote ukafa njaa 😳

Shangazi Mwaju: Na humu ndani kuna wanaojikunja hivyohivyo, michango hawatoi 😂

Kaka Idi: Shangazi ushaanza

Anko Salum: Mmepigwa nyie. Huyo ni Gryphaea, jina alipewa na Lamarck, mwanasayansi wa Ufaransa, 1801, na hiyo hadithi imetokana na utafiti wa Trueman, mtaalamu wa miamba kule Uingereza, 1922, alipanga visukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) tabaka kwa tabaka akaona vya juu, yaani vya karibuni, vimejikunja kuliko vya chini, basi watu wakadandia hapo wakaongeza chumvi. Baadaye wataalamu wengine, kina Hallam, walivyopima upya wakakuta miamba inavyozidi kuwa ya karibuni gamba linakua kubwa na linanyooka. Kinyume kabisa!

Kaka Idi: Halafu we fikiria, angekua anajifungia mdomo angezaa saa ngapi, na mbona hao jamaa walidumu mamilioni ya miaka enzi za Jurasiki, zile za dinosaria

Dada Neema: Sasa kujikunja kote kule kwa nini?

Anko Salum: Alikua anakaa kwenye tope laini chini ya bahari. Upande mmoja wa gamba mnene, mzito, umepinda kama kucha ya mzee, huo ndo unalala kwenye tope, upande wa pili bapa kama kifuniko unakaa juu, kwahiyo mdomo haumezwi na tope. Ukikishika kile kisukuku unaona mistari ya kukua imepangana toka kwenye ncha mpaka ukingoni, wataalamu wanaisoma kujua aliishi miaka mingapi.

Kaka Idi: Scunthorpe kule Uingereza si ndo wameweka magamba hayo mawili kwenye nembo ya mji? Yanatoka kwenye miamba yao ya madini ya chuma

Anko Salum: Ndo hayohayo. Waingereza wanayaita kucha za shetani, na zamani kuna waliokua wanatembea nayo mfukoni eti yanazuia baridi yabisi

Shangazi Mwaju: Enhee hapo sasa. Yanapatikana wapi, haya magoti yangu yamenichosha

Dada Neema: Shangazi! Umetoka kupigwa na video sasa hivi

Shangazi Mwaju: Nimeuliza tu bana, Salum nijibu inbox