Naomba ushauri: pesa za shaba za Seyyid Barghash zinaota kijani

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Naomba msaada kwa wanaojua sarafu za kale.

Kwenye kasha la marehemu bibi, huku Unguja, tumekuta sarafu tatu za shaba za Sultani Barghash bin Said, zile zenye mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Ndizo zilizoitwa pesa, 64 kwa rupia moja. Mbili zinasomeka vizuri: mwaka 1299 wa Hijria, yaani karibu 1882. Ya tatu imelika. Chini ya mizani naona 1 ya mwanzo, halafu karibu na mwisho kuna kinukta kidogo.

Zote zina unga wa kijani kwenye kingo na ndani ya herufi, na ukigusa unabaki kidoleni. Jirani aliniambia nisugue kwa ndimu na chumvi kama tunavyosafisha masufuria ya shaba. Nilijaribu moja tu. Imegeuka rangi ya waridi, haipendezi kabisa, na roho imeniuma. Nyingine sijazigusa, nimezifunga kwenye karatasi kavu.

Maswali yangu:

Huo unga nauzuiaje usiendelee kula shaba bila kuharibu rangi ya asili?

Na hicho kinukta, chaweza kuwa sifuri ya 1304, mwaka mwingine wa pesa hizi (kwa tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta), au ni mchubuko tu? Nitazameje ili nihakikishe?

Siuzi, nataka wanangu wazikute. Natanguliza shukrani.