Mada: Fomu ya PIP kwa mgonjwa wa akili: kila swali jibu ni "anaweza", tuandike nini?

Kutoka: mwanakikundi, Leicester

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Fomu ya PIP, yale malipo ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, imefika kwa kijana mwenye skizofrenia anayeishi na shangazi yake. Viungo vyake vizima, anatembea, anaongea. Kila swali jibu linalokuja ni "anaweza". Je, kuna haja ya kuendelea? Na barua ya hospitali haitoshi peke yake?

---

Kutoka: mwanakikundi, Reading

Marahaba. Haja ipo, na hayo majibu ya "anaweza" yafuteni kwanza.

PIP hailipi jina la ugonjwa. Barua inayosema ana skizofrenia na anatumia vidonge inathibitisha ugonjwa, lakini haisemi nani anamsukuma aingie bafuni. Kinachohesabiwa ni shughuli 10 za maisha ya kila siku na 2 za mwendo. Kila upande unahesabiwa peke yake: pointi 8 ni kiwango cha kawaida cha malipo, 12 ni kiwango cha juu.

Kwa mgonjwa wa akili neno la kushika ni kuhimizwa. Katika nyumba zetu shangazi anapika, anamwita mezani mara tatu, anamwuliza "mwanangu, umeoga?", anamwekea dawa mkononi na kusubiri ameze. Hakuna anayeuita huo msaada, ni malezi tu. Fomu inauhesabu. Asiyepika mpaka ahimizwe ana pointi 2. Asiyekula mpaka ahimizwe ana 4. Kuoga 2, kuvaa 2, dawa 1. Hapo tayari ni 11, na mkono haujavunjika wala mguu. Akihitaji pia mtu wa kumwongoza kwenye bili na mipango ya fedha ni 2 nyingine, jumla 13.

Swali ni anahitaji kuhimizwa, si anahimizwa. Anayeishi peke yake na kulala na njaa kwa kukosa wa kumwamsha anahesabiwa vilevile. Andikeni kinachotokea asipohimizwa: amekaa siku ngapi bila kuoga, chakula kiliharibika, jiko liliachwa linawaka.

Shughuli ya 9, kuwa na watu, ina mtego wake. Kuhimizwa na mtu yeyote ni pointi 2. Kuhitaji mtu mwenye mafunzo au mwenye uzoefu naye ni 4. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua 2019 kwamba hata kuhimiza tu kunaweza kuingia kwenye hizo 4, mradi lazima kufanywe na mtu wa namna hiyo, na ndugu anayemjua mgonjwa anaweza kuwa ndiye. Kwa hiyo msiandike "anahitaji mtu". Andikeni kwa nini awe shangazi na si jirani: anazijua dalili za kuanza kushuku watu, anajua maneno ya kumtuliza, mgeni akijaribu anazidi kuogopa.

Na "anatembea vizuri" isiwazuie upande wa mwendo. Shughuli ya kwanza pale ni kupanga safari na kuifuata. Anayehitaji kuhimizwa ili atoke, la sivyo anazidiwa na hofu, ana 4. Asiyeweza kufuata njia ngeni bila mtu ana 10. Hata njia aliyoizoea, 12. Serikali ilijaribu mwaka 2017 kuwatoa watu wa hofu na mfadhaiko kwenye pointi hizo za juu, na Mahakama Kuu ikaifuta kanuni hiyo Desemba mwaka uleule.

---

Kutoka: mwanakikundi, Leicester

Asante sana. Lakini kuna siku anafanya yote mwenyewe. Si tutakuwa tunadanganya?

---

Kutoka: mwanakikundi, Reading

Hapana, mradi siku hizo nazo mziandike. Kanuni inaangalia kama tatizo lipo katika zaidi ya nusu ya siku zote, kwa hiyo hesabuni: "siku 5 kati ya 7". Neno "wakati mwingine" linaua madai, kwa sababu mtathmini, yule anayepima hali ya mgonjwa kwa niaba ya serikali, hulisoma kama "mara chache".

Na "kuweza" kuna masharti manne: kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, mara zote inapohitajika, na bila kutumia zaidi ya maradufu ya muda wa mtu mwingine. Likikosekana moja, hawezi. Shikeni daftari la wiki mbili, kila siku mistari mitatu, nakala mwiambatishe na fomu.

---

Kutoka: mwanakikundi, Birmingham

Naongeza tarehe. Madai huhesabiwa tangu siku ya simu ya kwanza ya kuomba PIP, si siku fomu iliporudi. Fomu ina mwezi mmoja tangu ilipotumwa. Mkiona hautoshi, pigeni simu muongezewe kabla haujaisha. Kwenye simu semeni wazi kwamba ni ugonjwa wa akili na anahitaji msaada wa ziada. Hilo likiandikwa, fomu ikichelewa madai hayafungwi, yanapelekwa kwenye tathmini. Tathmini yenyewe msiikose. Kutohudhuria bila sababu ya msingi huyaua madai.

Kabla ya yote angalieni hati ya ukaazi. Mwenye ukaazi wa kudumu, uraia au hadhi ya ukimbizi anaweza kuomba. Ambaye hati yake inakataza fedha za umma asiombe kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji, maana inaweza kuharibu ukaazi wake. Pia kuna sharti la kuwa nchini wiki 104 katika wiki 156 zilizopita, ila mkimbizi aliyekubaliwa amesamehewa.

---

Kutoka: mwanakikundi, Cardiff

Kuhusu tathmini, ombeni mkalimani hata kama kijana anajua Kiingereza cha dukani. Ni bure. Mkalimani akiwa ni mtu wa jamii yenu na mnaogopa siri kutoka, mnaweza kuomba mwingine, au simu badala ya ana kwa ana.

Mgonjwa wetu akiulizwa "habari yako?" hujibu "nzuri, namshukuru Mungu". Hiyo ni adabu, lakini kwenye ripoti inageuka kuwa "alisema anajisikia vizuri". Mwandaeni ajue kwamba hapo haulizwi salamu. "Nina mawazo" nayo ikitafsiriwa neno kwa neno haibaki na uzito wowote. Aseme halali, anawaza kufa, anasikia sauti zinazomtukana. Akiulizwa kama anaenda msikitini au kanisani, jibu lisiishie "ndiyo". Aseme anapelekwa na nani, mara ngapi kwa mwezi, na kama huondoka kabla ya mwisho. Shangazi aruhusiwe kukaa naye na kuongeza alichosahau.

---

Kutoka: mwanakikundi, Glasgow

Wa Scotland jihadharini, huku si PIP tena bali Adult Disability Payment, kupitia Social Security Scotland. Pointi karibu ni zilezile.

Kwa wa PIP wakikataliwa: ombeni nakala ya ripoti ya mtathmini kwa simu, kisha mapitio ya lazima, yaani uamuzi uangaliwe upya, ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya barua. Msiandike "sikubali". Tajeni shughuli, pointi walizotoa, pointi zinazostahili, na ushahidi wake. Wakishikilia uamuzi, mna mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza huru lenye hakimu, daktari na mtaalamu wa ulemavu. Halina ada. Ila baraza huangalia hali ilivyokuwa siku ya uamuzi. Akizidiwa baadaye, hayo ni madai mapya. Na kama tayari amepata kiwango cha kawaida mkidai cha juu, jueni uamuzi wote unafunguliwa, na unaweza kushuka. Ongeeni kwanza na Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure.

Akishapata upande wa maisha ya kila siku, shangazi anayemhudumia saa 35 kwa wiki aulizie posho ya mlezi. Ina kikomo cha kipato. Mgonjwa akilazwa hospitali ya serikali (NHS) zaidi ya siku 28, malipo husimama, kwa hiyo toeni taarifa mapema. Akipelekwa Mombasa au Dar kupumzika, malipo huendelea hadi wiki 13, au 26 kama safari ni ya matibabu. Taarifa itolewe kabla ya kupanda ndege.