Ushauri: njia za miguu tulizorekodi Kigoma tuziweke wapi ziwe za wote?

Mtembea_Bangwe
Wakuu, salaam. Tupo tisa hapa Kigoma. Kila Jumamosi alfajiri tunapanda vilima vya Bangwe hadi Katonga, siku nyingine tunazunguka Ujiji kwenye miembe ya zamani. Mwaka mzima tumerekodi njia kwa simu. Mwezi uliopita simu ya mwenzetu ilidondoka ziwani tukishuka kwenye boti Kibirizi, faili sita zikazama nayo. Zilizobaki zimetawanyika kwenye simu tano, na njia moja ina majina matatu: "mwembe mkubwa", "kwa bibi", na nyingine tarehe tupu. Nataka ramani moja ambayo kijana wa Mwanga, au mgeni aliyekuja kuona makumbusho ya Livingstone, akiifungua anajua pa kupita. Kuna kijana wetu anajua programu, tutengeneze kanzidata yetu?

Mzee_wa_Mawese
Pole kwa hasara, mkuu. Kanzidata yenu msianze nayo. Huyo kijana akipata kazi Dodoma, nani ataitunza? Njia zenyewe wekeni OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe. Ipo tangu 2004, yeyote anachora, kila badiliko linabaki kwenye historia, na data yake inatumika bure mradi utaje chanzo. Programu za simu OsmAnd na Organic Maps zinaifungua hata simu ikiwa haina bando, mradi umeshaipakua ramani.

Binti_Gungu
Naongezea. Msinakili Google Maps, hairuhusiwi. Choreni mkifuata rekodi zenu za GPS. Njia iliyorekodiwa mara tatu ni bahati! Fungueni faili zote za GPX (zile simu inamohifadhi njia uliyopita) pamoja, mtaona mistari inaachana mita kadhaa, zaidi bondeni penye miti. Chora katikati. Jina waulizeni wenyeji, msitunge.

Mtembea_Bangwe
Asante dada. Hapo kwa wenyeji ndipo roho inasita. Njia ya "kwa bibi" inapita ukingoni mwa shamba lake la mihogo. Sisi anatujua, tunamwamkia shikamoo, tunapita. Wakija thelathini wasiomjua je?

Nyuki_wa_Tabora
Ndugu yangu, kamuone kabla hujapakia hata nukta moja. Sisi huku tulichora njia za upande wa Kwihara, kulipo na tembe alilokaa Livingstone 1872. Kipande kimoja kilikatiza shamba la mtu, hatukumuuliza. Tuliporudi tukakuta ameziba kwa matawi ya miiba. Haki yake kabisa, na aibu ile bado ninayo. Bibi akikataa, tafuteni mzunguko. Akikubali, andikeni kwenye ramani aina ya ardhi, udongo au mawe, na tarehe ya mara ya mwisho mtu kuikagua. Njia ya kiangazi masika inageuka korongo, anayekuja lazima ajue.

Binti_Gungu
Na faili zilizobaki zihamisheni leo leo, kabla ya mjadala wowote. Nakala mbili, sehemu mbili.

Mtembea_Bangwe
Nimewapigia wote, wananitumia usiku huu. Jumamosi hatupandi kwanza, tunaanzia kwa bibi. Nitarudi hapa na jibu lake.