Naomba ushauri: ngoma, sanaa na usafi wa mwalo hapa Mwanza

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimehamia Mwanza kikazi, nakaa Nyegezi, na wanangu wikiendi zote zinaishia kwenye simu. Nataka kuwatoa toka masika hii mpaka Juni.

Kinachonivuta zaidi ni Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Najua huangukia kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, na kwamba makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kwa ngoma, kila upande ukivuta watazamaji kwake. Wapo wanaocheza na nyoka, hapo kitindamimba wangu sijui kama atasogea. Ratiba hutangazwa wapi mapema: kanisani, redioni, au mpaka ufike mwenyewe uulize? Na kwa daladala tutoke saa ngapi ili tukae mbele?

Halafu tarehe 5 Juni ni Siku ya Mazingira Duniani. Kuna kikundi kinachotoa magugumaji au kuokota plastiki mwaloni, kinachopokea watoto? Gambuti tunazo.

Uchoraji na maigizo pia, ila yasiwe ya baa jamani. Mwenye grupu la WhatsApp la mambo haya aniunge.