Wafugaji wa goldifishi kwenye matangi makubwa na vidimbwi, tupeane uzoefu

BabaWawili_Kimara

Wakuu heshima kwenu.

Mwezi wa tatu nilirudi na goldifishi wawili kutoka harusini. Msicheke. Kamati ilipamba meza kwa vyombo vya kioo, kila chombo samaki wawili na ua la plastiki, shughuli ilipoisha MC akatangaza kila meza ijigawie. Wife akapakata chombo ndani ya bajaji kutoka Sinza hadi Kimara, maji yanamwagikia gauni, wala hana habari. Nyumbani tukawabatiza Bwana Harusi na Bibi Harusi.

Bwana Harusi alimaliza siku 6. Bibi akajikongoja hadi ya 9. Tulikuwa tunamwaga maji yote kila asubuhi na kuweka mapya ya bomba, hapo hapo, na binti yangu wa darasa la pili alikuwa anawamegea mkate kila akipita sebuleni. Tulipomzika Bibi kwenye chungu cha maua mtoto akaniuliza, "Baba, kwani alikuwa anaumwa nini?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nimeingia kichwa kichwa kwenye haya mambo. Kumbe huyu samaki Wachina walianza kumchagulia rangi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na walimfugia kwenye vidimbwi. Yule wa kawaida mwenye mkia mmoja akipata nafasi anafika sentimita 30. Kuna mmoja Uingereza aliitwa Tish, alipatikana kama zawadi ya mchezo wa gulioni mwaka 1956 akafa 1999. Miaka 43! Wangu siku 9.

Nataka kuchimba kidimbwi cha lita 2,000 uani. Kabla sijamwita fundi naomba waliopita njia hii waseme. Ya kwenye video nimeshaona, nataka yaliyowakuta ninyi, hasa yaliyoharibika.

Ngosha_wa_Igoma

Mkuu, lita 2,000 halafu unaweka samaki asiyeingia kwenye sufuria? Sisi Kanda ya Ziwa tutakuombea.

FundiMatangi

Ngosha tulia, huyo ni wa ukoo wa samaki ambao Wazungu wanawaita carp, miba mitupu, utajuta.

Mleta uzi, kazi yangu ndiyo hii, nahudumia matangi ya maofisini na hotelini hapa Dar mwaka wa kumi na moja sasa. Wako hawakufa kwa mkate peke yake. Goldifishi hana tumbo la kuweka akiba ya chakula, kinapita moja kwa moja, kwa hiyo anakula kutwa na anachafua kutwa. Kinachotoka kwake ni amonia. Kwenye maji kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti (nayo sumu), halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Hao bakteria hawakai kwenye maji yenyewe, wanashika kwenye sponji, mawe, kuta. Kujijenga wanachukua wiki 4 hadi 6. Wewe chombo chako hakikuwa nao, halafu kila asubuhi unawamwagia klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba.

Sasa nikupe langu. Kuna hoteli moja nilikuwa na tangi lao la mapokezi, lita 800, oranda kumi na mbili, wale wenye kichwa kama wamevaa kofia ya pamba. Wazuri, wakubwa kama kiganja. Ijumaa wakaambiwa kuna ugeni mkubwa. Jamaa wa usafi, kwa nia njema kabisa, wakamwaga maji yote, wakasugua vioo kwa sabuni, na sponji za filta wakazikamua bombani mpaka zikawa nyeupe. Jumamosi tangi linang'aa kama dirisha la benki, wageni wanapiga picha. Jumatatu napigiwa simu. Nilikuta tisa wanaelea na watatu wamejibanza kona, mapezi yameiva damu.

Sponji ya filta ikiwa na rangi ya chai, hapo ndipo uhai ulipo. Ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamua mara mbili tatu, rudisha. Maji badilisha robo au theluthi kwa wiki. Na ukianza kidimbwi kipya tafuta mtu mwenye tangi zima akugawie sponji chafu. Mimi siuzi, nagawa.

Klorini isikutishe. Wengi Dar tunajaza simtanki kwanza, maji yakilala siku moja mbili na mfuniko wazi klorini inaondoka. Ila ukitoa bombani moja kwa moja, weka dawa ya kuua klorini.

MamaTunu

Mie nachangia la umeme.

Nina tangi la lita 500 sebuleni, saba wenye mikia mipana. Usiku mmoja umeme umekatika saa tano, tukalala zetu. Saa nane mwanangu wa kiume kanigonga mlangoni, "Mama, samaki wanaongea." Kwenda kumulika na tochi ya simu, wote saba wako juu, midomo nje ya maji, pwa, pwa, pwa. Ilikuwa mwezi wa pili, joto lile mnalijua. Baadaye nikaja kuelewa kwamba maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 inabaki kama 7 na nusu, na samaki mwenyewe kwenye joto anapumua zaidi. Pampu ikizima hana akiba.

Tulichofanya, mie na mwanangu na dada wa kazi, tulipokezana jagi. Unachota, unainua juu, unamimina yaanguke kwa kishindo yaingie hewa. Unachota, unamimina. Saa nane mpaka saa kumi na moja kasoro umeme uliporudi. Mkono wa kulia sikuuinua kutwa nzima, lakini hakufa hata mmoja.

Siku hizi nina pampu ndogo ya hewa ya betri, inajiwasha yenyewe umeme ukikatika. Na siku ya mgao siwalishi jioni.

BabaWawili_Kimara

Dada pole na hongera. "Samaki wanaongea" imeniua.

Kioo6mm

Jina langu linajieleza. Nilimpa fundi aluminiamu wa mtaani anitengenezee tangi, urefu sentimita 120, upana 50, kimo 60. Piga hesabu, lita 360, yaani kilo 360 za maji kabla ya kioo na mawe. Yeye akatumia kioo cha madirisha cha milimita 6, bila mkanda wa juu wa kuzuia vioo visitanuke. Nikauliza, akasema "bosi, hiki hata ukipiga nyundo." Kumbe kwa kimo kile ilitakiwa angalau milimita 10, na mkanda juu. Meza nayo kona moja ilikuwa fupi kidogo, nikasawazisha kwa kipande cha kadibodi.

Miezi minne safi. Kisha usiku nasikia kama mtu kavunja karakana. Naweka mguu chini, maji sakafu nzima, zulia limelowa chapachapa, na jirani wa ghorofa ya chini anapiga kelele kwamba dari lake linanyesha. Samaki niliwaokota kwa mwanga wa simu, chini ya kochi, nyuma ya friji, mmoja ndani ya kiatu changu cha kazini. Watano kati ya sita walipona, walikaa kwenye beseni la kufulia wiki mbili. Dari la jirani nililipa mimi.

Kidimbwi, mkuu. Kidimbwi hakina kioo.

NyarLimuru

Sasa wadau. Huku Limuru baridi tunayolalamikia ndiyo goldifishi wanapenda, nyuzi 16 mpaka 20 wako sawa kabisa. Shida yangu haikuwa maji, ni ndege.

Nilianza na kumi na tano kwenye kidimbwi cha simiti nyuma ya nyumba. Asubuhi moja ni kumi na tatu. Wiki iliyofuata kumi. Nikashuku watoto wa jirani, hata nikaenda kuongea na mama yao, aibu mpaka leo. Kumbe ni mdiria, anakaa kwenye waya wa kuanika nguo, anatumbukia kama jiwe, anatoka na mmoja. Na jioni anakuja fundichuma, yule wa rangi ya udongo mwenye kichwa kama nyundo, anatembea ukingoni pole pole kama landilodi. Rangi ya machungwa kwenye maji meusi, ukiwa juu ya waya ni kama taa ya gari. Nikaweka neti, na mabomba mawili mapana ya plastiki chini ya maji wakimbilie. Hao kumi bado wako.

Sasa uhondo. Baada ya mvua za Aprili niliona madume wametoka chunusi nyeupe kwenye mashavu na mapezi ya mbele. Nikadhani ni ule ugonjwa wa madoa meupe, karibu niwatie dawa. Lakini ugonjwa unatapakaa mwili mzima kama umenyunyiziwa chumvi, hizi zilikuwa zimejipanga mashavuni tu. Ilikuwa ni hamu ya ndoa. Kesho yake alfajiri wanafukuza majike kidimbwi kizima, maji yanaruka. Mayai yakashika kwenye mizizi ya mimea, madogo kama vichwa vya pini, na wazazi hao hao wanarudi kuyala! Nikahamisha mimea kwenye karai. Siku ya tano vikatoka vijiti vyenye macho. Chakula kilikuwa kiini cha yai la kuku la kuchemsha, nakikamua kupitia soksi ya kike, tone kwa tone.

Wakakua rangi ya matope. Jirani akaniambia nimeuziwa ngege. Nilingoja karibu miezi mitatu ndipo wa kwanza akaanza kung'aa tumboni, halafu wengine. Wawili hawajabadilika hadi leo na ndio ninaowapenda.

Shamsa_Maskati

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mie niko Maskati, wazee wetu walitoka Unguja. Nyie mnasema joto, njooni huku Julai.

Birika langu nimelichimba kina mita moja na nusu, chini ya mitende miwili, na juu nimetandika kitambaa cha kivuli. Chini maji yanabaki na ubaridi kidogo, samaki mchana kutwa huwaoni, wanashuka. Wanapanda Magharibi. Ndipo ninapowalisha.

Kosa langu nililifanya kwa mpira wa maji. Maji yamepungua kwa mvuke, nikasema niongeze kidogo. Mpira ulikuwa umelala juani toka asubuhi. Nikafungua, nikautumbukiza. Yale maji ya mwanzo yaliyokuwa yamo ndani ya mpira, wallahi ungetia majani ya chai yangeiva. Watatu walikuwa wamekuja juu kwa kudhani naleta chakula. Hao ndio walioondoka.

Tangi la juu ya paa nalo huku wakati wa kiangazi ni moto, kwa hivyo maji nayalaza ndani ya nyumba kwenye mapipa usiku mmoja, alfajiri ndiyo nayatia, tena pole pole.

ChumviNyingi

Fupi. Madoa meupe, nikaambiwa chumvi, gramu 3 kwa lita. Tangi la lita 200 nikaweka gramu 600, sawa. Maji yakipungua kwa jua naongeza maji na chumvi tena. Wiki tatu. Hakuna aliyenambia kwamba maji yanakwenda na mvuke, chumvi inabaki. Nilipoonja ilikuwa inakaribia maji ya bahari pale Coco Beach.

Ngosha_wa_Igoma

Haya, nimeona mko siriasi, na mimi niseme ukweli. Ninao. Mama watoto ndiye aliyewataka.

Kidimbwi cha simiti usikijaze samaki wiki hiyo hiyo. Simiti mpya inatoa chokaa, maji yanakuwa makali, ukitia mkono unahisi utelezi. Mimi nilijaza na kumwaga mara nne, na kila mara naloweka vigogo vya mgomba vilivyokatwakatwa, siku tano tano, kama mzee mmoja mfugaji wa sato alivyonielekeza. Na kwenye maji makali amonia inakuwa sumu zaidi, joto likiongezeka ndiyo balaa.

Kosa langu sasa. Nilichukua magugu maji ziwani, mche mmoja, ua la zambarau zuri. Mwezi na nusu baadaye nimeita vijana watatu kuyang'oa, hakuna maji yanayoonekana, samaki chini wanakosa hewa. Sisi tunayajua haya magugu kwenye Ziwa Victoria tangu miaka ya tisini, halafu mimi mwenyewe nayaingiza nyumbani kwa mkono wangu. Na hao samaki msije mkachoka mkawaachia mtoni au ziwani. Marekani, jimbo la Minnesota, mwaka 2021 walitoa goldifishi wakubwa kama mpira kwenye ziwa la mji wa Burnsville, watu walikuwa wamewatupa tu.

BabaWawili_Kimara

Wakuu nimerudi na mrejesho, wiki ya tatu.

Kidimbwi kipo. Mita 2 kwa 1.25, kina sentimita 80, chini ya mwembe, neti juu kwa ajili ya ndege na majani. Vigogo vya mgomba vimeingia raundi ya pili. FundiMatangi kanigawia sponji chafu, nimeipakia kwenye ndoo ya maji kwenye daladala kama mgonjwa, nimeitunza kwenye beseni lenye pampu ya hewa na naitupia punje za chakula hadi simiti itulie. Nitaanza na wanne tu.

Binti kila asubuhi anakwenda kuchungulia kabla ya kuvaa sare. Jana nimemkuta na silesi ya mkate nyuma ya mgongo. Nikamwonyesha maji, hakuna samaki. Akasema anafanya mazoezi.

Swali: maji yameshajaa viluwiluwi vya mbu. Niwaachie samaki wakija waanzie hapo?

FundiMatangi

Usiache. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10, samaki wako wanakuja wiki kadhaa mbele, na Dar hii dengi tunaijua. Chota na chujio la chai, suuza, gandisha kwenye friji. Wakifika waanze kupewa kidogo kidogo. Mpe binti hiyo kazi ya chujio, mkate uweke juu ya kabati.